Kuunganisha mitaa kuwa kata kwenye QGIS bila kuvuruga mipaka

Ukitaka mitaa ya Tandale, Magomeni na Manzese iwe poligoni (maumbo ya maeneo) za kata kwenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani, kitakachokusumbua si kuunganisha kwenyewe. Ni vipeo vya mpakani, yaani nukta zinazouchora mpaka. Mtaa mmoja una kipeo kwenye kona, jirani yake hana, basi kati yao unabaki ufa wa nusu mita. Jicho haliuoni, programu inauona.

Hatua ya 1: Hamisha tabaka (faili la ramani ya mitaa) kutoka digrii kwenda mita kwa "Reproject Layer", EPSG:32737 (UTM kanda ya 37 kusini). Usiiruke. Kwenye digrii, ile 0.5 ya hatua ya 3 ni kama kilomita 55, mbali kuliko Kariakoo hadi Bunju; jiji zima litajikunja.

Hatua ya 2: Endesha "Fix Geometries" irekebishe maumbo yenye kasoro, kisha safisha majina ya kata: upper(trim("kata")). Kwa QGIS, "TANDALE" na "Tandale" yenye nafasi mwishoni ni kata mbili.

Hatua ya 3, na kazi yote iko hapa: "Snap Geometries to Layer", inayovuta vipeo vilivyokaribiana vikutane. Tabaka lilelile liwe la kuingiza na la rejea, umbali 0.5, na uchague tabia inayoruhusu vipeo kuongezwa panapohitajika. Usishawishike kuandika 5. Mpaka unaofuata vichochoro vya Manzese una kona fupi kuliko hapo, zitabanwa ziwe nukta moja.

Hatua ya 4: Fungua "Topology Checker", weka kanuni mbili: pasiwe na mapengo, pasiwe na kupishana. Palipopishana kwa mita kadhaa rekebisha kwa mkono, uhariri wa topolojia ukiwa umewashwa, ili ukivuta kipeo cha mpakani mitaa yote miwili isogee pamoja.

Hatua ya 5: Unganisha mitaa kwa "Dissolve", ukichagua safu ya kata. Ukisahau kuchagua safu utapata poligoni moja tu. Na idadi ya watu usiiamini: "Dissolve" huchukua sifa za mtaa wa kwanza. Ukitaka jumla, tumia "Aggregate".

Ukihitaji ramani nyepesi, achana na "Simplify". Hupunguza vipeo vya kila poligoni kivyake na majirani huachana upya. v.generalize ya GRASS (programu nyingine ya ramani) huushika mpaka wa pamoja kama mstari mmoja.

Mwisho linganisha sum($area) ya mitaa iliyosafishwa na ya kata. Ya kata ikiwa ndogo, kuna mitaa bado imepishana. Tundu dogo likionekana katikati ya kata, usilizibe kwa "Delete Holes". Rudi hatua ya 3.