Jinsi ya kuvalisha kishikio cha mlango wa choo kopa (shaba), vijidudu vijifie vyenyewe

Kama unakaa ploti ya choo cha kushea unajua kile kishikio cha mlango, asubuhi kila mtu anakishika na hakuna anayekipanguza. Mimi nilichoka na dawa za kupuliza, nikakivalisha kopa. Kopa ikiguswa na unyevu inaachia chembe zinazotoboa ngozi ya bakteria, na huko Marekani tangu 2008 shirika lao la mazingira limekubali ati kopa inaua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria kwa masaa mawili. Hata korona, kwa vipimo vya maabara vya 2020, ilikaa kwa plastiki mpaka siku tatu lakini kwa kopa ilimalizika ndani ya masaa manne.

Tafuta kipande cha paipu ya kopa kwa fundi wa friji na uitishe risiti, manake kopa ya kuibwa ni kesi (si mnakumbuka 2022 serikali ya Kenya ilivyofunga biashara ya skrapu miezi kadhaa). Ukiuziwa brasi (kopa iliyochanganywa na zinki) ikwaruze kwa tupa kwanza, kama ndani ni nyeupe umeuziwa zinki imepakwa rangi ya dhahabu.

Pasua paipu kwa urefu, ichome na gesi mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukize kwa maji. Usiogope, kopa si kama chuma, hiyo inailainisha, ukiruka hapo itakukatalia tu na kupasuka. Ipige na nyundo ya mbao juu ya jiwe mpaka ilale, piga msasa kingo zisikate mtu, halafu izungushe kwa kishikio na uifunge na skurubu za brasi, za chuma zitaliwa na kutu hapo kwa unyevu.

Sasa hapa ndio watu huharibu: usipake vanishi! Wala nta. Ukiifunika iking'aa itakuwa pambo tu, vijidudu vinakaa juu ya vanishi bila shida. Ikifanya weusi iache, bado inafanya kazi, ila mafuta ya mikono lazima uoshe na sabuni, na Jik isikae juu inaila.

Kitu kujisafisha chenyewe bila kuoshwa ni mambo mengine. Mwagia jani la nduma maji uone yanavyobiringika na vumbi: lina vinundu vidogo sana na nta juu, tone linakaa kama goroli. Unaweza kujaribu nyumbani, shikilia kioo juu ya moto wa mshumaa mpaka kijae masizi, dondosha maji, yanaruka. Lakini ukigusa na kidole imeisha, ndio maana wanasayansi wa Ujerumani 2012 waliyavalisha masizi silika (madini ya kutengeneza kioo) kwanza ndio yashike.

Halafu kuna titani dayoksaidi, ile ya madirisha yanayokula uchafu yakipata jua, Wajapani Fujishima na Honda ndio walionyesha 1972 kwamba inaweza kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa mwanga. Usinunue unga wake ukachanganye na rangi ya ukuta wa choo. Kwanza huko ndani hakuna jua, pili ile aina inayofanya kazi hiyo itakula rangi yenyewe ibaki inatoa chaki, na vumbi lake si la kuvuta.