Jinsi ya Kupima Athari za Viuagugu na Michanganyiko Yake kwa Nyungunyungu

Nyungunyungu aliyepatwa na dawa ya magugu mara nyingi hafi, na kwa sababu hiyo mtu asiyeona mizoga shambani huamini kwamba dawa haikumdhuru. Mnyama huyu hupumua kwa ngozi yake yenye unyevu na humeza udongo anamopita, hivyo dawa humfikia kwa njia mbili, naye huweza kuukimbia udongo huo kabla haujamuua. Kipimo rahisi, basi, ni kumpa nafasi ya kuchagua.

Hesabu ya kiasi cha dawa ndiyo inayokosewa zaidi. Tuseme lebo inaagiza lita 3 kwa hekta. Tukichukulia kwamba dawa hubaki katika sentimita 5 za juu, na kwamba mita 1 ya ujazo ya udongo ina kilo 1,500, hekta itakuwa na kilo 750,000 za udongo, na kila kilo itapata mililita 0.004. Kiasi hicho hakipimiki kwa bomba la sindano. Kwa hiyo, ukiwa umevaa glavu, tia mililita 4 za dawa katika maji mpaka yatimie lita 1, kisha mililita 1 ya maji hayo uichanganye na maji ya kulowanishia kila kilo ya udongo. Tumia dawa kama inavyouzwa, kwa kuwa viambato vinavyoisaidia kushika majani navyo huweza kudhuru.

Gawa sanduku kwa kipande cha plastiki, ujaze udongo wenye dawa upande mmoja na udongo safi upande wa pili, ukiwa na unyevu uleule. Ondoa kizuizi, weka nyungunyungu 10 waliokomaa, yaani wenye mkanda mnene mwilini, juu ya mstari wa katikati, kisha funika kwa kifuniko chenye matundu. Baada ya saa 48 rudisha kizuizi na uhesabu kila upande. Aliyekatwa na kizuizi huhesabiwa nusu huku na nusu kule. Andaa masanduku 5, pamoja na mengine yenye udongo safi pande zote, ambamo wanapaswa kugawanyika karibu sawa. Wakibaki chini ya 10 kati ya 50 upande wa dawa, udongo huo haukaliki.

Kwa mchanganyiko wa dawa mbili, pima kwanza kila moja peke yake kwa kipimo kamili, halafu nusu ya hii pamoja na nusu ya ile. Zikijumlishana tu, matokeo yataangukia kati ya yale mawili ya awali. Wakikimbia zaidi ya walivyoikimbia ile kali, dawa hizo zinachocheana, nami nisingezitia katika tangi moja.

Saa 48 hazisemi lolote kuhusu uzazi. Kwa hilo, waache wakubwa siku 28 katika udongo wenye dawa, waondoe, kisha uhesabu watoto baada ya siku nyingine 28.