Jinsi ya kusoma saikolojia, sayansi na ualimu bure mtandaoni bila kumaliza bando

Jamani vitu vya kusoma bure mtandaoni vipo vingi mno na hapo ndo wengi wanapopotelea, mtu anajisajili kozi sita usiku mmoja halafu hamalizi hata moja. Na sio uvivu wa huku kwetu tu, kozi za vyuo vya Harvard na MIT vya Marekani zilizowekwa mtandaoni zilichunguzwa, matokeo yakatoka 2019, na kwa mwaka wa masomo 2017-18 waliomaliza walikuwa kama 3 tu kati ya kila 100 waliojiandikisha. Kwa hiyo anza na somo moja, kitabu kimoja na lekcha za mwalimu mmoja, mengine yote yasubiri.

Tuseme umechagua saikolojia. Ingia Open Yale Courses, tovuti ya kozi za bure za chuo cha Yale, tafuta kozi ya Introduction to Psychology ya profesa Paul Bloom, ni lekcha 20 alizofundisha chuo cha Yale mwaka 2007, hawakuombi akaunti wala kadi ya benki. Najua mtu atasema 2007 ni zamani, ni kweli, ila lekcha za mwanzo zinazohusu ubongo na wanasaikolojia wa zamani kina Freud na Skinner ni msingi na jamaa anafundisha vizuri sana, unamuelewa hata kama hujawahi kusoma saikolojia maishani. Ila usiishie kwake. Miaka ya karibuni tafiti kadhaa maarufu za saikolojia zilirudiwa na majibu yakakataa kutoka yale yale, so unahitaji kitabu kipya zaidi pembeni, na hicho ni Psychology 2e ya OpenStax, mradi wa chuo kikuu cha Rice kule Marekani, toleo la 2020, sura 16, PDF bure kabisa, na hilo suala la tafiti kurudiwa wameligusia humo humo. Unasikiliza lekcha ya kumbukumbu kwa Bloom halafu unasoma sura ya 8 ya kitabu ambayo nayo ni ya kumbukumbu, unakwenda hivyo hivyo mada kwa mada.

Sasa bando. Usiangalie vidio kama data ni ya kuungaunga! Kozi za Yale zina sauti peke yake na zina maandishi ya lekcha neno kwa neno, na maandishi ni mepesi mno ukilinganisha na vidio, unayasoma hata kwenye simu ndogo. Kitabu cha OpenStax kina picha nyingi kwa hiyo kidaunlodi mara moja ukipata Wi-Fi ya chuo au ya kazini, ukikihifadhi kwenye simu basi huhitaji tena intaneti. Ukichoka kukodolea kioo cha simu peleka stesheneri wakuprintie sura moja unayosoma wiki hiyo, usiprinti kitabu kizima, utakiweka kabatini tu.

Kwa wanaoogopa kiingereza, maandishi ndo yanawafaa kuliko vidio maana aya iliyokushinda unaikopi unaiweka Google Translate unapata picha ya jumla, ila tafsiri ya mashine inakosea maneno ya kitaalamu, kwa hiyo kila neno jipya liandike kwenye daftari na ulieleze mwenyewe kwa kiswahili chako cha kila siku. Ukishindwa kulieleza bado hujalielewa, rudi.

Na hapa kwenye namna ya kusoma ndo naomba msiparuke. Wengi tunasoma sura, tunaipigia mistari kwa haiilaita, tunairudia, tunaona tumeiva. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Washington University huko St. Louis waliwapa wanafunzi maandishi mafupi, kundi moja likakaa vipindi vinne likisoma tu, kundi jingine likasoma kipindi kimoja kisha vipindi vitatu likaandika kila linachokumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye wale wa kusoma tu walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yakageuka, wa kusoma tu walikumbuka kama asilimia 40, wale wa kujipima asilimia 61. Kwa hiyo ukimaliza kipande funga simu, chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka, ndo ufungue uone ulichosahau, halafu rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Inachosha na unajiona huna akili, vumilia tu, ndo inavyofanya kazi.

Upande wa sayansi, shule zisizo na maabara zikimbilie PhET, majaribio ya kuigiza ya kwenye kompyuta au simu ya chuo kikuu cha Colorado Boulder Marekani, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman mwenye Nobel ya fizikia. Unaunga saketi ya betri na balbu, unajenga atomu, unabalansi milinganyo ya kemia, baadhi ya majaribio hayo yameshatafsiriwa kiswahili na unaweza kuyadaunlodi ukayatumia bila intaneti. Hesabu zikikukwamisha pitia kwanza Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure. MIT OpenCourseWare, yaani masomo ya chuo cha MIT yaliyowekwa bure mtandaoni, ni nzuri ila inataka uwe na msingi.

Walimu wa msingi nao wana TESSA, mradi wa tangu 2005 unaosimamiwa na Open University ya Uingereza, una masomo ya kiswahili yenye shughuli za kufanya darasani hata lenye watoto wengi na vifaa vichache. Chukua shughuli moja, ifanye kesho yake na darasa lako, andika kilichotokea.

Cheti je? Coursera, tovuti ya kozi za vyuo mbalimbali, wana kozi nzuri lakini cheti mara nyingi ni hela, na kozi nyingine sasa zinakuonjesha mwanzo tu, kwa hiyo soma vizuri kabla hujaweka namba ya kadi popote, hasa pale panaposema siku saba bure. Anayetaka karatasi bila kulipa aende OpenLearn, ni ya hao hao Open University, ukimaliza kozi wanakupa cheti cha ushiriki bure na baadhi zina kwizi na beji. Sio digrii na usiiandike hivyo kwenye CV, iweke sehemu ya mafunzo mengine, taja jina la kozi na mwaka, na ukiitwa intavyuu uwe na uwezo wa kueleza ulichojifunza.