SOMO: Taa ya LED ya kuoteshea miche ndani ya nyumba, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam. Kila nikiweka picha ya miche yangu ya hoho humu, maswali ni yaleyale: taa umenunua wapi, mbona si ya zambarau, niuzie moja. Sijanunua popote na siuzi. Nimeona niandike mara moja tu, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Kwanza, si kila mtu anaihitaji. Mwenye uwanja au paa lenye jua aachane nayo. Jua la mchana la Dar linafika lux 100,000 na halilipiwi LUKU. Somo hili ni la sisi wa ghorofani ambao dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Chumba ambacho kwa macho yetu kina mwanga mzuri huwa na lux 300 hadi 500 tu. Mche wa nyanya ukikaa humo unarefuka, unakonda, unalala.

Taa hii inatosha trei moja ya kama sm 25 kwa 40. Ukitaka eneo kubwa zaidi, jenga taa ya pili. Usiongeze LED kwenye draiva ileile, yaani kifaa kinachozilisha umeme.

VIFAA

- LED nyeupe 10 za wati 3, zile ambazo tayari zimebandikwa kwenye kibati cha aluminiamu chenye umbo la nyota. Tafuta 4000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Zikikosekana chukua 6500K, nyeupe yenye ubuluu, haina neno.
- Draiva moja ya LED ya mA 600, kwenye lebo upande wa kutokea iwe inafika volti 36 hadi 40 za DC.
- Bomba la aluminiamu la pembe nne, upana sm 5, urefu sm 60. Fundi yeyote wa madirisha ya aluminiamu ana vipande.
- Pesti ya joto, ile wanayopaka kwenye prosesa ya kompyuta.
- Skrubu ndogo na washa zake za plastiki, waya, risasi na kichomeo, mita, taima ya ukutani, plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya A 3.

HATUA

1. Sugua kwa msasa upande wa bomba utakaobeba LED, ufute kwa spiriti.

2. Panga LED katikati ya bomba kwa nafasi ya sm 4, weka alama, toboa.

3. Chomea waya kabla hujafunga LED kwenye bomba. Ukishazifunga, bomba linanyonya joto lote la kichomeo, risasi haiyeyuki vizuri, nawe unazidi kukandamiza mpaka unaunguza LED. Chanya ya moja iende hasi ya inayofuata, mpaka mwisho. Moja tu ikigeuzwa, zote hazitawaka.

4. Paka pesti nyembamba, ya kuziba vinyweleo vya aluminiamu tu. Funga skrubu na washa ya plastiki, maana kichwa cha skrubu kikigusa risasi umeshaunganisha umeme na bomba.

5. Weka mita kwenye mlio. Ncha moja kwenye bomba, nyingine kwenye kila kituo cha risasi. Ikilia popote, fungua urekebishe.

6. Draiva. Hapa tulieni.

Draiva hii si kama chaja ya simu inayotoa volti zilezile wakati wote. Yenyewe inang'ang'ania mkondo wa mA 600, na inapandisha au kushusha volti mpaka mkondo huo upite. LED 10 za volti 3.2 zinataka kama volti 32, basi itatulia hapo. Ukiiwasha ikiwa haina kitu upande wa pili, inautafuta mkondo haiupati, inapandisha volti mpaka mwisho wa uwezo wake, na kapasita yake, yaani kihifadhi umeme cha ndani, inajaa. Ukija kugusisha waya wa LED wakati huo, kapasita inajimwaga yote kwa mkupuo. Seti yangu ya kwanza niliiua hivyo: nilitaka kwanza nione kama draiva ni nzima, nikaiwasha tupu, kisha nikaunga. Zilimulika kwa ukali mara moja, basi. Nilipozitazama kwa karibu, baadhi zilikuwa na kitone cheusi katikati.

Kwa hiyo:

- LED zinaungwa kwanza, plagi inaingia ukutani mwisho. Kila mara.
- Ukichomoa plagi, subiri dakika chache kabla ya kugusa waya wa LED. Kapasita haimalizi papo hapo.
- Swichi na taima vikae upande wa umeme wa ukutani, kamwe si kati ya draiva na LED.
- Kiungo kilicholegea upande wa LED ni sawa na swichi: kinaachia, kinashika, kinaachia. Chomea risasi, usisokote waya na kuzungusha tepu.
- Nunua draiva ambayo upande wa LED umetenganishwa na umeme wa ukutani. Lebo iwe na neno SELV. Ukiweza kuchungulia ndani, utaona transfoma yenye tepu ya njano. Zile ndogo zisizo na kasha, za bei ya kutupa, nyingi hazijatenganishwa: volti 32 unazodhani ni za kuchezea zina njia ya moja kwa moja mpaka kwenye volti 230.

7. Waya wa eathi, kijani na njano, ufungwe kwenye bomba lenyewe kwa skrubu. Usiniambie nyumba yako haina eathi. Nyumba isiyo na eathi haijengewi taa ya kukaa karibu na maji.

8. Washa nusu saa, kisha shika bomba. Ukiweza kulishika bila kuachia, liko sawa. Ukirusha mkono, pesti haijashika au bomba ni dogo. LED ikipata moto sana haifi siku hiyo, inafifia kidogo kidogo nawe utailaumu mbolea.

9. Ining'inize sm 25 hadi 30 juu ya majani, taima saa 14 kwa siku. Pakua programu yoyote ya kupima lux kwenye simu, weka simu mahali pa majani, kioo kikitazama juu. Kwa LED nyeupe, gawanya lux kwa 70 upate kipimo ambacho watu wa mimea wanakitumia, yaani mikromoli za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwangu katikati ya trei ni lux 13,000, kama 185 hivi. Miche, saladi, mrehani na nanaa vinaridhika hapo. Pembeni mwanga unapungua, kwa hiyo zungushia kadibodi iliyopakwa rangi nyeupe na ugeuze trei kila unapomwagilia.

Umeme: volti 32 kwa mA 600 ni kama wati 19, si 30, draiva nayo inapoteza kidogo, weka wati 22. Kwa saa 14 kila siku haifiki uniti 10 kwa mwezi. Walio kwenye D1, ile tarifu ya TANESCO ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wapige hesabu kabla.

MASWALI

Hoho Nyekundu: Asante sana mkuu kwa somo. Ila sijaelewa, zinazouzwa zote ni za zambarau. Nyeupe mmea unaipataje hiyo nyekundu na buluu?

Mwandishi: Swali zuri. LED nyeupe ndani yake ni LED ya buluu iliyofunikwa unga wa fosfa. Unga huo unageuza sehemu ya buluu kuwa kijani, njano na nyekundu, vikichanganyika jicho linaona nyeupe. Ndiyo maana Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa LED ya buluu. Bila hiyo balbu zetu za leo zisingekuwepo. Zambarau imetokana na ukweli kwamba klorofili inanyonya zaidi nyekundu na buluu. Lakini kijani nacho hakipotei. Kinapenya ndani zaidi ya jani na kufikia majani ya chini. Hata Veggie, mtambo wa kuoteshea mboga uliopelekwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2014 una nyekundu, buluu na kijani, hicho cha mwisho ili wanaanga waone chakula chao kwa rangi yake. Sababu yangu kubwa ni hiyohiyo: chini ya zambarau huoni jani lililoanza kuwa njano wala huoni utitiri.

Kijana wa Mjini: naweza kuunga direkti kwenye umeme bila draiva?

Mwandishi: Hapana. LED zitakufa, na wewe unaweza kufa. Hatua ya 6.

Kijana wa Mjini: Nikiweka rizista je

Mwandishi: Hapana.

Mama Trei: Kaka, samahani kwa kukupinga. Mimi nimetumia balbu mbili za kawaida za LED za wati 9, kila moja sm 15 juu ya miche, na nyanya zangu zimetoka vizuri tu. Hizi risasi na pesti za nini?

Mwandishi: Dada, hujakosea, na anayeogopa kuchomea waya afuate njia yako. Balbu ya kawaida inatawanya mwanga pande zote, kwa hiyo weka kadibodi nyeupe juu na pembeni. Nilichotaka mimi ni draiva ikae mbali na joto. Kwenye balbu draiva imefungiwa kitakoni, inaiva humohumo, na mara nyingi ndiyo inayokufa wakati LED bado nzima. Kwa saa 14 kila siku inaonekana haraka.

Bosi LED: Bei jumla?

Mwandishi: Orodha ipo juu. Duka lako na langu hazina bei moja.

Fundi TV Mbagala: Mkuu mimi nina lundo la mistari ya LED ya televisheni zilizopasuka kioo. Inafaa?

Mwandishi: Inafaa sana, na wewe ndiye mtu niliyekuwa namsubiri. Mwanga wake ni nyeupe ya ubuluu, miche inakuwa mifupi na imara. Lakini pima kwanza: kuna LED za volti 3 na za volti 6, zinafanana kwa macho. Mistari ikiungwa yote mfululizo inaweza kupita volti 100, na hiyo si ya kushika. Igawe kila kundi lisizidi volti 40. Ondoa vile vilenzi vya plastiki? Wewe unavijua kuliko mimi.

Fundi TV Mbagala: Viache. Vinatawanya mwanga, trei inapata sawasawa. Ukivingoa kwa nguvu unang'oa na LED. Halafu usiipe mA zilezile za TV, punguza kama nusu. Nyingi nilizoletewa zilikufa kwa sababu mwenye TV aliweka mwanga mwisho kabisa.

Mwandishi: Wakuu hiyo ya fundi iandikeni pembeni.

Mdau mpya: Nimejenga haiwaki

Mwandishi: Umepima nini? Volti za draiva ngapi? Weka picha ya viungo.

Mdau mpya: Haiwaki kabisa nimefuata kila kitu

Mwandishi: Siwezi kupima nikiwa hapa. Chomoa plagi, subiri, kisha weka mita kwenye alama ya dayodi na upime LED mojamoja. Nzima itatoa mwanga hafifu, chanya ikiwa kwenye ncha nyekundu.

Mdau mpya: Ya 7 nilikuwa nimeigeuza. Zimewaka. Asante

Mwandishi: Hatua ya 3, mstari wa mwisho.

Ukerewe Sola: Huku natumia sola ya volti 12. Nitumie inveta niwashe hiyo draiva?

Mwandishi: Usipitie inveta, inakula bure. Tafuta draiva ya DC ya mA 600 inayoingiza volti 12, unga LED tatu tatu, kila kundi na draiva yake. Volti 9.6 inakaa vizuri chini ya 12. Betri ndiyo kazi: wati 20 kwa saa 14 ni Wh 280, na betri ya asidi ya Ah 50 usiivushe nusu, yaani Wh 300. Bora panga saa nyingi za taa ziangukie mchana paneli ikiwa inachaji. Ingawa mjomba, una sola maana yake una jua. Kwa nini miche iko ndani?

Ukerewe Sola: Kuku.

Mwandishi: Nimeelewa.

Wa Baridini: Niko Oulu, Finland, Desemba tunaona jua kwa muda wa saa tatu na ushee tu kwa siku. Nataka sukuma wiki. Saa 14 zinatosha?

Mwandishi: Zinatosha kwa majani ya kuchuma kidogo kidogo, ila zidisha hadi 16 na uwe na taa mbili. Mchicha usijisumbue nao, ule ni mla jua, utakupa vijiti. Halafu huko kwenu umwagiliaji upungue. Dirishani udongo baridi haukauki na mizizi inaoza.

Kijana wa Mjini: Nikiwasha saa 24 si zitakua haraka zaidi

Mwandishi: Nyanya ikikosa giza majani yanakuwa njano na kujeruhika. Taima uliinunua?

Mama Trei: Na kotimiri jamani, mbona yangu inakimbilia maua ikiwa na majani matano?

Mwandishi: Siku ndefu na joto. Kotimiri ikiona mwanga wa saa 14 inadhani msimu umefika. Ipe 11 au 12, na isogeze mbali kidogo na taa.

Hoho Nyekundu: Miche yangu inakatika shingoni karibu na udongo, inaanguka usiku mmoja. Ni taa?

Mwandishi: Hicho ni kinyausi, ukungu wa udongo. Taa haina kosa. Mwagilia kwa chini, trei inyonye yenyewe, kisha mwaga maji yaliyobaki. Sia mbegu kwa nafasi, na weka kifeni kidogo cha USB kipulize polepole. Shina linalotikiswa linanenepa pia. Udongo huo usiutumie tena kwa miche.

Hoho Nyekundu: Na iliyobaki mizima niihamishe?

Mwandishi: Leo hii. Trei mpya, udongo mpya, na usiimwagilie mpaka juu pakauke.