Boti ya rimoti ya petroli: kingo ziwe kali

Ami yangu ni fundi wa vyombo vya baharini Nungwi, Unguja. Nilipompelekea boti yangu ya kwanza ya rimoti aiangalie, aliipindua, akapitisha kidole gumba kwenye kingo za chini, akasema, "Mwanangu, hii itamkata mtu." Nikatii. Nikashika msasa, nikaziviringisha kingo zote kama za ngalawa, kisha vanishi juu mpaka ikang'aa. Majini ikawa inajikokota kama dau lililojaa mchanga: mashine inalia, tumbo halibanduki. Miezi miwili nzima nikilaumu kabureta.

Kwa vyombo vyake ami hakukosea. Lakini boti ya mashindano haikai majini, inapita juu yake. Ikishashika mwendo inagusa sehemu tatu tu: matengo mawili ya mbele na nusu ya chini ya propela. Ndivyo ilivyokwenda Slo-mo-shun IV, boti kubwa ya mbio ya Seattle, Marekani, mwaka 1950, ilipofika kilomita 258 kwa saa. (Matengo nimeyaita mie, kwa kuwa yanakaa pembeni kama ya ngalawa.) Maji yanayopita chini lazima yaachie pale ukingo unapoishia. Ukingo ukiwa wa mviringo, maji huuambaa, yakapanda ubavuni, na boti ikanyonywa chini.

Sasa kazi. Yangu ina urefu wa sentimita 110 na upana wa 52. Mataruma, yaani mbavu za ndani, ni plaiwudi ya milimita 6, ngozi ya juu na chini ni milimita 3. Ijenge kichwa chini juu ya kitu kilicholala sawasawa. Mie natumia mlango wa zamani. Nautandikia uzi ulionyooka, na nikiona mwanga chini ya uzi natafuta mlango mwingine, maana ukijengea juu ya kilichopinda, hakuna usukani utakaokuja kuinyoosha.

Uso wa chini wa kila tengo uinuke kuelekea omo, yaani mbele, kwa nyuzi 3 hadi 4, yaani milimita 13 hadi 17 katika kila sentimita 25. La kulia na la kushoto yapimwe kwa kipande kimoja cha ubao, si kwa macho.

Kabla ya kufunga sitaha, paka epoksi (gundi ya kuchanganya) ndani kote, mara mbili, na jaza matengo na omo vitu vya kuelea. Styrofoam usiweke, petroli ikivuja inaiyeyusha. Chupa tupu za maji zilizokazwa vifuniko zinatosha.

Epoksi yenyewe, kama unaweza kungoja, usiipake wakati wa masika. Unyevu ukizidi, asubuhi unakuta juu yake utando unaoteleza kama mafuta. Mie niliupiga msasa hivyohivyo. Msasa ukaziba, na epoksi niliyopaka juu yake ikabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Utando ule hutoka kwa maji na sabuni. Osha, kausha, ndipo msasa.

Kingo sasa. Bandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, ubavuni mwa tengo, uchomoze milimita 2 kupita ukingo uwe kama ukuta mdogo. Changanya epoksi na vumbi laini la mbao mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, ijaze kwenye kona ile ya ukuta, iache mpaka kesho. Ukibandua utepe utakuta ubavu umetoka laini wenyewe, usiuguse. Piga msasa upande wa chini peke yake, umeuzungushia kipande cha mbao bapa, kwanza namba 120, halafu 220, mwisho 400 na maji. Ukishika msasa kwa vidole bila mbao, umeshauviringa ukingo. Ukingo wa nyuma wa matengo na wa tezi, yaani nyuma ya boti, nao vilevile. Ukimaliza, kucha ikipita inakwaruzika. Na ukiibeba boti, ibebe kwa sitaha. Ami alisema kweli kuhusu kukata.

Rangi ya kopo la kupuliza inalainika kwa petroli. Nenda kwa fundi anayepiga rangi magari, akupigie ile ya kuchanganya na haadena, dawa ya kuikaza.

Mashine yangu ni ya kukatia majani, cc 26. Nilitoa klachi, nikachongesha kiungio cha kushika shafti moja kwa moja. Petroli lita 1, oili mililita 40. Shafti ni waya uliosokotwa, nene robo inchi, ndani ya bomba la brasi. Usokotwe upande ambao mzunguko wa mashine unaukaza. Ukikazwa unafupika, kwa hiyo acha nafasi ya milimita 3 au 4 kati ya propela na kishikio cha shafti. Siku nisiyoiacha, nilisaga bushi mbili kwa asubuhi moja.

Uzito upime kwa kuinyanyua kwa vidole viwili: ikae sawa sentimita 12 hivi nyuma ya pale matengo yanapoishia. Uzito ukirudi tezi zaidi, upepo unaingia chini na boti inapinduka nyumanyuma. Bapa la kukatia kona, lile linaloshuka majini boti isiteleze kando, lifungwe tengo la kulia, kwa sababu boti ndogo hushindana kwa kuzunguka mkono wa kulia.

Rimoti iwekwe hivi: mawasiliano yakikatika, petroli ifungwe yenyewe. Jaribu nchi kavu, propela imetolewa. Antena ichomoze juu ya sitaha, maana mawimbi ya redio ya rimoti, ya 2.4 GHz, hayapiti majini.

Mie naijaribu Mkokotoni, siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, alfajiri kabla upepo haujaamka, kisiwa cha Tumbatu mbele. Upande wa mashariki siendi, kamba za mwani zitaizonga propela, na shamba lile ni la mtu. Mtu wa kuirusha asimame maji ya kiunoni, mikono mbali na propela, aisukume mbele ikiwa imelala sawa.

Ikirudi, usiiache ikauke na chumvi. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, chomoa shafti, ifute, ipake grisi upya. Fungua plagi, tia matone machache ya oili, vuta kamba ya kuwashia mara tatu. Kisha ilaze chali juu ya gunia, matengo yaangalie juu.