Mtoto wako akikamatwa na polisi Nairobi: shughulikia umri kwanza

Mama mmoja wa mtaa wa Huruma alinipigia simu saa tano usiku. Kijana wake wa miaka 16 alikuwa amekamatwa steji ya matatu kwa madai ya kuiba simu. Tulihangaika hadi siku ya tatu, na karibu muda wote huo ulimezwa na jambo moja: umri. Nimesaidia wazazi mtaani kwa miaka kadhaa, na sitaki mwingine akwame pale tulipokwama sisi.

Hatua ya kwanza: kituoni
Uliza namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kosa analodaiwa na jina la afisa mwenye faili. Andika kwenye karatasi, simu huzima chaji. Omba afisa wa watoto ajulishwe. Dhamana ya polisi haina ada. Ukiweka pesa taslimu kama dhamana, usiondoke bila risiti.

Hatua ya pili: umri
Kabla ya kubishana kama alichukua simu au hakuchukua, uliza ameandikwa miaka mingapi. Kijana wetu aliandikwa 19. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, maana wenzake seli walimwambia wakubwa huachiliwa haraka. Neno hilo moja lilimweka seli ya watu wazima, na lingeweza kumpeleka rumande ya watu wazima ya Industrial Area badala ya makao ya watoto.

Sheria ya Watoto ya 2022 iko wazi. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Wa kati ya 12 na 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua baya na jema, hadi upande wa mashtaka uthibitishe kwamba anajua. Na kila aliye chini ya 18 ni mtoto, hata akiwa na ndevu. Katiba nayo, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, na akizuiliwa atengwe na watu wazima.

Cheti cha kuzaliwa ndicho bora. Kama hakipo, tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya shule yenye tarehe aliyosajiliwa nayo. Beba karatasi yenyewe na nakala tatu. Picha ya WhatsApp sikushauri kabisa. Yetu ilikataliwa mezani mara mbili. Kadi halisi tuliipata ndani ya mfuko wa unga chini ya godoro, kona moja imeliwa na panya, lakini tarehe ilisomeka.

Bila karatasi, mtoto hupelekwa hospitali kupimwa umri, kwa meno na eksirei. Ni haki yake, ila daktari hutoa makadirio, si tarehe. Kijana wa 16 mwenye mwili mkubwa anaweza kurudi na barua ya 18. Ndiyo maana nasema karatasi kwanza, hata ikibidi kupanda basi la usiku kwenda ushago kuifuata.

Hatua ya tatu: saa 24
Lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiishia wikendi, ni siku ya korti inayofuata. Akikamatwa Ijumaa jioni, basi, mpelekee sweta.

Hatua ya nne: kortini
Fika mapema, mpe karani nakala za umri kabla kesi haijaitwa. Kama hana wakili, omba mahakama impatie wa serikali. Uliza pia kama kosa linaweza kumalizwa nje ya korti, lakini hapo mtoto hutakiwa kukubali alilofanya. Asikubali jambo ambalo hakufanya ili tu arudi nyumbani.

Siku ya tatu hakimu aliishika ile kadi, akaigeuza nyuma na mbele, akaagiza faili lihamishiwe mahakama ya watoto. Kijana alitoka jioni hiyo kwa dhamana ya mama yake.

Ukikwama usiku na huna wa kumpigia, namba 116 ya watoto haitozwi.