Vidole vikae wapi kwenye klachi na breki ya mbele ya pikipiki

Mpwa wangu alinunua pikipiki yake ya kwanza, na wiki haikuisha akanijia na taa ya mbele imepasuka. "Mjomba, nilibana breki, yenyewe ikaruka mbele." Nikaipanda, nikazunguka nayo mara moja tu, nikaona tatizo. Breki ilikuwa nzima. Mkono wa breki, kile chuma unachobana kwa vidole, ndio uliofungwa vibaya, umelala juu mno. Ili vidole viufikie, kiganja kinalazimika kuinamia nyuma, na kiganja kikiinamia nyuma kinazungusha gripu na kuvuta mafuta. Kijana alikuwa anabana breki na kuongeza moto kwa pamoja.

Pikipiki nyingi hufungwa mikono hiyo haraka haraka siku ya kuunganishwa, na mwenye nayo anazoea maumivu ya kiwiko akidhani ndiyo kazi. Mimi niko Iringa, kila siku nashuka mlima hadi Ipogolo na kupanda tena, kwa hiyo kwenye hili sina masihara.

Hatua ya 1: Kaa kama unavyoendesha

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, ukae ukiwa na koti lako la kazini. Fumba macho, shika gripu, nyoosha vidole mbele. Mtu akikutazama kwa ubavuni, aone mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole umenyooka kama rula, na vidole vimetua juu ya mkono wa breki bila kupanda wala kushuka.

Hatua ya 2: Legeza, zungusha, kaza

Legeza boliti inayofunga mkono kwenye usukani, zungusha mkono hadi vidole vitue hivyo, kisha kaza. Ni spana namba 10 kwa pikipiki nyingi. Tumia spana pete, siyo ile ya kurekebisha inayokula kichwa cha boliti. Kama kioo kimefungwa hapo hapo, kitahama nacho, ukipange upya. Kama breki yako ni ya diski, kikopo cha mafuta ya breki kisilale upande.

Kaza kiasi cha kutotikisika, usikaze hadi mwisho. Pikipiki ikianguka, ni afadhali mkono uzunguke kuliko kukatika. Na ukikatika ile ncha ya mviringo, nunua mwingine siku hiyo hiyo. Ule mviringo unazuia vidole visiteleze, na unazuia chuma kisikuchome ukianguka.

Hatua ya 3: Waya wa klachi

Hapa ndipo watu hupita mbio, na hapa ndipo nilipoteza siku nzima. Niliwahi kuzungusha mkono wa klachi jioni, nikaridhika, nikalala. Asubuhi napanda kutoka Ipogolo na abiria, pikipiki inalia tu, haiendi. Nikadhani pleti za klachi, zile sahani zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gia, zimekwisha. Nikanunua mpya, tukafungua injini, tukafunga, nikarudi mlimani: inalia vile vile. Pleti za zamani hazikuwa na kosa. Nilipozungusha mkono, waya ulikaza, na klachi ikawa imebanwa nusu muda wote bila mimi kuigusa.

Kwa hiyo, kila ukigusa mkono wa klachi, pima ulegevu. Ncha ya mkono isogee bure kati ya milimita 10 na 20 kabla hujahisi waya unavuta. Unene wa kidole cha shahada unatosha. Marekebisho madogo fanyia kwenye skrubu ya juu, pale mkononi. Ikiwa imeshatoka nje sana, irudishe ndani, ukarekebishe kule chini kwenye injini, maana skrubu iliyobaki nyuzi mbili tatu itakuachia njiani. Halafu angalia ule mfereji mwembamba uliochongwa kwenye skrubu na nati yake. Ukiuacha ukiwa sambamba na mfereji wa mkono, waya unaweza kuchomoka, na mvua inaingia humo humo. Ugeuze utazame pembeni.

Mwisho washa injini, iache iungurume bila kuvuta mafuta, kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio usibadilike hata kidogo, na ulegevu wa klachi upime tena pande zote mbili. Ukibadilika, kuna waya unaovutwa, pengine wa mafuta, na siku ukikata kona kali utashangaa. Usitoke hapo hadi upitishe waya vizuri.

Mwenye vidole vifupi asipashe mkono moto ili aukunje. Chuma kile hupata ufa usioonekana. Ongeza ulegevu kidogo tu, klachi itashika karibu na gripu.

Hatua ya 4: Vidole

Kulia, breki ya diski: vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikae juu ya mkono, viwili vingine na gumba vishike gripu ya mafuta. Breki ya ngoma inataka nguvu, basi tanguliza viwili, vyote vinne vifuate.

Kushoto mimi natumia vinne, ubishi wa kijiweni nimeusikia wote. Ukitumia viwili kwenye klachi ya waya mzito, vile viwili vilivyobaki kwenye gripu vinabanwa kabla klachi haijaachia, na gia inagoma. Ukishabadilisha gia, ondoa vidole kabisa. Kuvilaza pale ndiko kunakoua pleti. Na kushuka mlima umekamata klachi eti unaokoa mafuta, mimi sikupi abiria wangu.

Vidole vya breki viwe tayari penye daladala iliyosimama, sokoni, njia panda. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Nusu sekunde ya kutafuta breki ni mita 7, na daladala la Hiace halifiki hapo kwa urefu.

Hatua ya 5: Kiwanjani

Mwendo wa 20, kisha 30, mahali pakavu, bila abiria. Bana kama mkamuaji wa ng'ombe: kidogo, halafu zaidi. Ukikurupuka unapigwa teke, maana uzito unakuwa haujaegemea tairi la mbele na linafunga.

Zile soksi za manyoya za kukinga baridi zinazovishwa usukani, mpwa alikuwa nazo. Nilizivua. Kitambaa kilikuwa kinasukuma mkono wa breki na taa ya nyuma inawaka bila sababu. Nimempa glavu zangu za zamani. Waya ukiwa mpya hulegea, kwa hiyo aje tena baada ya wiki mbili tupime.